Bruda, utapadrishwa lini?

Swali hilo nililisikia kwenye mashine ya kusaga ya parokia moja ya huku nyanda za juu, asubuhi ya ukungu ule wa milima ya Uporoto unaolowesha koti bila mvua kunyesha. Mkanda ulikuwa umekatika. Bruda, yaani mtawa mwanamume asiye padre, mtu wa miaka hamsini na kitu, ovaroli yake ilishasahau kwamba iliwahi kuwa ya bluu, alikuwa amelala ubavu chini ya mashine, mkono mmoja umezama ndani hadi begani. Nyuma yake foleni ya madebe na ndoo za mahindi ilikuwa imefika mlangoni. Mama mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwambia: "Hivi Bruda, na wewe utapadrishwa lini?"

Yule bwana hakuinua kichwa. "Mama," akasema, "nisogezee hiyo spana namba kumi na saba."

Foleni ilicheka, na mimi nilicheka. Lakini niliporudi nyumbani na unga wangu nilikuwa bado na lile swali, kwa sababu si la mama yule peke yake. Nimelisikia Iringa kwenye jubilei, nimelisikia Njombe msibani, nimelisikia likiulizwa na wasomi. Linaulizwa kama vile mtu anavyomuuliza utingo: lini utashika usukani? Maana yake ni kwamba mtu aliyeweka nadhiri za daima, za ufukara, useja na utii, akaishi nazo miaka ishirini na tano, machoni petu bado yuko kituoni anasubiri basi. Hatumuulizi nesi lini atakuwa hakimu. Tunajua hizo ni kazi mbili. Kwa bruda tunaona kazi moja yenye vidato viwili, na yeye amekwama kwenye kidato cha chini.

Nadhani lugha yetu imetutega hapa. Sakramenti ya kumfanya mtu shemasi, padre au askofu tunaiita Daraja Takatifu. Na daraja kwa Kiswahili ni ngazi, ni cheo. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunauliza mtoto amepata daraja gani, la kwanza au la nne. Mtumishi wa umma anapandishwa daraja. Sasa bruda akikwambia yeye ni mtawa asiye na daraja, sikio linasikia nini? Linasikia sifuri. Linasikia mtu aliyefeli. (Daraja pia ni lile la kuvukia mto, ambalo kila mtu hulikanyaga akipita, lakini maana hiyo haimjii mtu kichwani padre mpya anaposhangiliwa.)

Neno mtawa lenyewe halina ngazi ndani yake. Watu wa pwani husema kutawa wakiwa na maana ya kukaa ndani, kujitenga na pitapita za watu. Mtawa ni mtu aliyejitenga kwa ajili ya jambo fulani. Neno hilo halisemi kama ana ruhusa ya kuadhimisha misa au hana. Ni jina la namna ya kuishi. Na hapo ndipo tunapokosea: upadre ni huduma, utawa ni maisha. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, anaweza kuwa na kimoja, na kimoja hakizai kingine.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inasema wazi kabisa, kanuni ya 588, kwamba maisha ya wakfu, yaani utawa, kwa asili yake si ya kiklero (ya wenye daraja) wala si ya kilei (ya waamini wasio na daraja). Miaka karibu ishirini kabla yake, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulikuwa umeandika mwaka 1964 kwamba utawa si daraja la katikati kati ya mapadre na walei. Watu wa pande zote mbili huitwa humo. Kwa hiyo ile ngazi tunayoichora vichwani, mlei chini, bruda katikati, padre juu, askofu kileleni, haipo. Bruda si nusu padre. Kwa upande wa daraja yeye ni mlei kama mimi na mwenye mashine. Kwa upande wa nadhiri amejifunga kwa namna ambayo maparoko wengi hawajajifunga.

Hili la mwisho huwashangaza watu, kwa hiyo nilifafanue. Padre wa jimbo hana nadhiri ya ufukara. Anaahidi useja na utii kwa askofu wake, basi. Anaweza kurithi shamba la baba yake pale Mafinga, akapanda miti, akavuna mbao, na hajavunja ahadi yoyote. Bruda wa Peramiho au wa Hanga, monasteri za Wabenediktini, hana shamba, hana gari, hata ile spana namba kumi na saba si yake. Ukimkuta na simu nzuri ujue ni ya nyumba. Kama tungekuwa tunapima kwa kilo nani amejitoa zaidi, na sisemi tupime, mizani isingelalia upande tunaoudhani.

Historia nayo inatuumbua. Utawa haukuanzishwa na mapadre. Antoni wa Misri hakuwa padre. Pakomi, aliyekusanya wamonaki (watawa wa monasteri) wa kwanza kuishi pamoja huko huko Misri katika karne ya nne, alijificha katikati ya ndugu zake siku Askofu Athanasi alipopita, kwa sababu alijua kuna mpango wa kumpa upadre. Hakuudharau. Alichoogopa ni kwamba cheo kikiingia nyumbani, husuda huingia nacho. Misa walikuwa nayo. Padre wa kijiji cha karibu aliitwa akaja. Fransisko wa Asizi aliishia ushemasi. Benedikto naye, baba wa Wabenediktini, mapokeo yanasema hakuwa padre, na Kanuni aliyoiandika inamtazama padre anayeishi monasterini kwa jicho la tahadhari: sura ya 62 inamtaka ajihadhari na majivuno, na abaki kwenye nafasi ya siku aliyoingia nyumbani, isipokuwa anapohudumu altareni. Yaani umeingia leo, bruda ameingia jana, bruda anakutangulia, hata kama wewe unatoa misa.

Katika Kanuni hiyo hiyo, sura ya 31, mtunza mali wa nyumba anaagizwa aviangalie vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe, ndoo, sululu. Nilipomwona yule bwana anapangusa spana zake kwa kitambaa, moja moja, akizirudisha kwenye boksi kwa mpangilio wa namba, sikuwaza ufundi tu.

Na tukumbuke ni nani aliyeijenga imani hii huku kwetu. Kundi la kwanza la Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia waliotumwa Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1887 lilikuwa na padre mmoja tu; wengine wote walikuwa mabruda na masista. Tarehe 14 Agosti 1905, Maji Maji ilipokuwa imepamba moto, Askofu Cassian Spiss aliuawa karibu na Liwale akiwa safarini kwenda Peramiho. Jina lake linatajwa. Aliokufa nao ni Bruda Gabriel, Bruda Andreas, Sista Felicitas na Sista Cordula. Watano walikufa siku ile, na wanne hawakuwa na daraja. Muulize Mkatoliki wa kawaida awataje hao wanne. Ukuta wa kanisa kubwa la abasia pale Peramiho, karakana za useremala, mitambo ya kuchapa vitabu vya sala ambavyo bibi zetu walivifunga kwenye kanga wakaenda navyo misa, nyuma ya vitu hivyo kuna mabruda ambao hatujui hata walikuwa na sura gani.

Sitaki nionekane nauremba ubruda. Walionewa, tena na wenzao. Kabla ya Mtaguso, bruda wa kimonaki hakuwa na kura kwenye kapitulo, yaani baraza, ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mapadre waliimba zaburi za Kilatini kwenye kwaya; mabruda walisali kivyao. Hati ya Mtaguso ya Oktoba 1965 kuhusu utawa ndiyo iliyosema maisha ya watawa wasio makleri yamekamilika yenyewe, hayana pengo la kuzibwa, na kwamba katika monasteri wenye daraja na wasio nalo wanaweza kupokelewa kwa haki na wajibu sawa, isipokuwa yale yanayotokana na daraja lenyewe. Yamekamilika yenyewe. Neno hilo lina miaka sitini sasa, na bado halijafika kwenye meza ya chakula.

Nasema meza kwa sababu hapo ndipo nilipoona kwa macho. Ilikuwa jubilei ya parokia moja, sitaitaja. Baada ya misa tukaenda ukumbini. Mshereheshaji akawakaribisha mapadre meza kuu, ile yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki na kuku mzima mzima. Akaja bwana mmoja mwenye shati la kijivu na msalaba mdogo kifuani. Mhudumu akamvutia kiti pale pale meza kuu: "Karibu Padre." Yule bwana akajibu kwa upole, "Mimi ni bruda." Nilikuwa karibu, niliuona mkono wa mhudumu. Ulikuwa umekishika kiti, ukasita, halafu ukakirudisha taratibu mahali pake. Bruda akaonyeshwa meza ya madereva. Akaenda, akakaa, akawasalimu, na nusu saa baadaye meza ile ndiyo iliyokuwa na kelele za vicheko kuliko zote ukumbini. Lakini ule mkono sijausahau. Hakuna aliyemtukana mtu. Ni neno moja tu, bruda, lililoshusha bei.

Kuna jambo jingine la ajabu zaidi. Hakuna anayemuuliza sista lini atapadrishwa. Kwa sista tunatulia, kwa sababu jibu tunalijua, Kanisa Katoliki haliwapi wanawake daraja. Na kwa kuwa hatumsubiri apande, tunamwona alivyo. Tunamwita Sista kwa heshima kamili, tunamwamkia shikamoo hata akiwa na umri wa binti zetu, tunampa hospitali aiongoze na shule aisimamie. Masista Wabenediktini wa Chipole, huko Songea, wamejenga mtambo wa umeme wa maji Tulila kwenye mto Ruvuma na wanaiuzia TANESCO umeme. Hakuna hata mmoja wao mwenye daraja. Mama Mkuu anaongoza shirika zima, nyumba kwa nyumba, jimbo kwa jimbo, bila daraja.

Sasa mtazame bruda. Kwa kuwa angeweza kuwa padre, kutokuwa kwake kunahesabiwa ni upungufu. Na sheria ilimfuata huko huko: katika mashirika yanayohesabiwa kuwa ya makleri, bruda kwa kawaida hakuweza kuwa mkuu wa wenzake, hata kama wenzake wote wanamtaka, mpaka tarehe 18 Mei 2022, Papa Fransisko alipofungua mlango kwa kuruhusu mtawa asiye kleri awe mkuu kwa masharti, kwa ngazi ya juu, kwa kibali cha maandishi kutoka Roma. Kwa hiyo mwanamke asiye na daraja aliongoza mamia, mwanamume asiye na daraja, katika mashirika hayo, kwa kawaida hakuongoza hata kumi. Mwenye maelezo ya jambo hilo yasiyohusu cheo anipe.

Tabia hii si ya Wakatoliki peke yao, ingawa kwao ina majina zaidi. Walutheri wa Njombe na wa Konde wana wainjilisti wao. Mwinjilisti ndiye anayeishi mtaani na watu, anafungua kanisa Jumapili, anahubiri, anaingia nyumba yenye mgonjwa saa nne usiku. Mchungaji wa usharika anafika kwa sakramenti na kwa ratiba. Naye anaulizwa: lini unakwenda chuoni uwe mchungaji? Na Wamoravian, walioingia Rungwe mwaka 1891, jina lao la asili ni Umoja wa Ndugu. Wamisionari wao wa kwanza kabisa, waliotoka Herrnhut mwaka 1732 kwenda visiwa vya Karibi, walikuwa mfinyanzi na seremala. Hata leo askofu wao ni mtu wa huduma ya kiroho; kiti cha uongozi wa jimbo ni cha mwenyekiti na halmashauri yake. Kanisa lililoanza na mfinyanzi lingepaswa kuwa la mwisho kuuliza mtu ana daraja gani. Nimeketi kwenye mabenchi yao Mbeya mjini mara kadhaa. Si la mwisho.

Na katekista je? Vita Kuu ya kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani huku kusini, vigango havikufungwa vyote. Walimu na makatekista Waafrika waliendelea kufundisha, kubatiza walio hatarini na kuzika wafu. Wamisionari wa Konsolata walipofika Iringa mwaka 1919 hawakuanzia kwenye pori tupu. Leo hii panda kule juu Makete wakati wa mvua, barabara ikiwa uji, uone nani anaongoza Ibada ya Neno Jumapili. Baba mmoja mwenye buti za mpira, amefika kwa miguu, kitabu amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Papa Fransisko aliifanya huduma hiyo kuwa rasmi Kanisani kwa barua ya tarehe 10 Mei 2021, kama huduma ya mlei, akisisitiza ulei wake usimezwe na uklero. Ni sawa. Ila posho ya huyo baba, pale inapokuwepo, sijaona barua iliyoigusa.

Najua jibu nitakalopewa, na ni jibu zito: bila padre hakuna Ekaristi, na bila Ekaristi Mkatoliki anabaki na nini? Nakubali lote. Nisingependa kufa bila padre kando ya kitanda. Ila hoja hiyo inathibitisha kwamba huduma ya padre ni ya lazima, haithibitishi kwamba yeye ni mtu wa juu zaidi. Mkunga ni wa lazima. Hajawa mama wa mtoto kwa sababu hiyo. Padre akiweka mikate altareni, walioketi mbele yake wakiwa wamebatizwa wamefika kwenye kile ambacho padre yupo kwa ajili yake. Bruda ni mmoja wa waliofika, aliyeamua kuishi ubatizo huo tu mchana kutwa, bila joho la kumfunika. Ndiyo maana anatutia wasiwasi. Ukimwondolea padre altare, bado ana cheo cha kumheshimu. Bruda ukimwondolea kazi yake anabaki na nadhiri tu, na hatujui tumheshimu kwa lipi.

Mashirika yenyewe nayo yanawe mikono kabla ya kutulaumu sisi wa kwenye foleni. Nimewahi kumsikia mhusika wa miito, mbele ya vijana wa kidato cha nne, akieleza kwamba wenye ufaulu mzuri wafikirie upadre, na wale ambao, alitafuta neno, "hawakubahatika", basi bado kuna ubruda. Alisema kwa huruma. Vijana wakaangaliana. Kwa hiyo mwenye daraja la kwanza aende kwenye Daraja Takatifu, mwenye daraja la nne apewe spana. Ukipanda hivyo usishangae ukivuna hivyo. Bruda huyo ataishi akijua aliingia kwa mlango wa waliobaki, na siku akipata nafasi atatafuta njia ya kupadrishwa, tutasema unyenyekevu umemshinda. Unyenyekevu ni neno ambalo meza kuu hupenda sana kuihubiria meza ya madereva.

Na familia zetu. Mtoto akipewa upadre, mama yake anabadilika jina kijijini, anakuwa Mama Padre. Kuna misa ya shukrani, kuna ng'ombe, kuna vitenge vya sare, kuna kamati yenye mhazini. Siku ya nadhiri za daima za bruda hakuna kamati. Sijawahi kusikia mtu anaitwa Mama Bruda, isipokuwa kwa utani.

Mwezi ujao kijana wa jirani yangu hapa Uyole anaweka nadhiri zake za daima. Mwaka juzi kaka yake mkubwa alipopadrishwa tulikodi Coaster tatu, na bado watu walisimama njia nzima. Safari hii imekodiwa moja. Jana jioni mwenye orodha alipita kwangu na kalamu sikioni, akafungua daftari, akanionyesha majina. Nauli ni ile ile ya mwaka juzi, hawajaongeza. Nikaandika jina langu na la mke wangu. Nikahesabu, bado kuna viti kumi na moja.